Anga na Ardhi Katika Picha Moja: Namna ya Kuchagua Kichujio cha Mpito

Mtu aliyesimama kwenye mteremko wa milima ya Undali, wilayani Ileje, akalitazama bonde la Mto Songwe na milima ya Malawi iliyo ng'ambo, huona kwa wakati mmoja mawingu meupe juu, safu za milima katikati, na mashamba chini ya miguu yake. Macho yake hayapati taabu yoyote. Lakini akiipiga picha mandhari ile ile, aghalabu hupata moja ya mambo mawili: ama anga limetoka vizuri na ardhi imekuwa nyeusi kama mkaa, ama ardhi imetoka vizuri na anga limegeuka karatasi nyeupe, lisilo na wingu wala mstari wa milima.

Kasoro hiyo haitokani na ubovu wa kamera, wala si lazima iwe imetokana na uzembe wa mpiga picha. Inatokana na tofauti kubwa ya mwanga kati ya anga na ardhi, tofauti ambayo jicho huimudu na kamera haiimudu kwa kiasi hicho. Chombo kimojawapo kilichobuniwa ili kupunguza tofauti hiyo ni kipande cha kioo au plastiki ambacho nusu yake ni angavu na nusu yake ni ya kijivu. Katika makala haya chombo hicho kitaitwa kichujio cha mpito, ingawa wapiga picha wengi hukiita filta kwa ufupi. Vichujio hivi ni vya namna nyingi na bei yake si ndogo. Anayenunua bila kuelewa kanuni zake huenda akapoteza fedha zake, na pengine picha zake pia.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Pengine msomaji atauliza: je, hili si suala la urembo tu? Kwa anayetaka picha ya kalenda huenda ikawa hivyo. Lakini picha za mandhari zina kazi nyingine katika sayansi. Wataalamu wa udongo, maji na misitu hurudi mahali pale pale mwaka hadi mwaka na kupiga picha ile ile, ili kulinganisha hali ya jana na ya leo. Kwa njia hiyo hupima mmomonyoko wa mteremko, kupungua kwa msitu, au kusogea kwa ukingo wa mto.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, una mambo mengi ya kufuatiliwa kwa namna hiyo. Mto Songwe, unaofanya sehemu ya mpaka kati ya Tanzania na Malawi, hubadili mkondo wake katika uwanda wa chini kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, na mto ukihama, swali la mpaka huamka. (Mto huo usichanganywe na Songwe mwingine, ambao huelekea kaskazini na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa.) Ziwa Rukwa lenyewe ni mfano mkubwa zaidi. Kina chake ni kifupi, wala hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Kwa hiyo maji yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua na joto. Mwaka 1929 urefu wa ziwa hilo ulikuwa takriban kilomita 50 tu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1939, ulikuwa umefikia kama kilomita 130. Ufuo wa ziwa la namna hiyo hauwezi kukumbukwa kwa maneno peke yake.

Basi, anayerudi baada ya miaka mitano ili apige picha ya ufuo ule ule atajuaje kwamba amesimama mahali pale pale? Mti wa alama huenda umekatwa, jiwe limesombwa, na ufuo wenyewe umehama. Alama iliyo thabiti ni mstari wa vilele vya milima dhidi ya anga: akiulinganisha kilele kwa kilele na picha ya zamani, atajua asogee kushoto au kulia, mbele au nyuma. Lakini ikiwa katika picha ya kwanza anga lilichoma kila kitu na mstari wa milima ukapotea, alama imepotea pamoja nao. Hapo ndipo kichujio kinapoacha kuwa pambo na kuwa chombo cha kazi.

Mwanga huhesabiwa kwa kuzidisha

Ili kuelewa namna ya kuchagua, yafaa kwanza kuelewa jinsi mwanga unavyohesabiwa. Wapiga picha hutumia hatua ambayo wao huiita stopu. Kila hatua moja ni maradufu ya mwanga, au nusu yake. Hatua moja ni mara 2, hatua mbili ni mara 4, hatua tatu ni mara 8, hatua nne ni mara 16, na hatua tano ni mara 32.

Filamu ya slaidi, ambayo ilipendwa na wapiga picha wa mandhari kwa miaka mingi, ilimudu takriban hatua tano tu kutoka weusi hadi weupe. Filamu ya negativu ilimudu zaidi. Kamera nzuri za dijitali za siku hizi humudu hatua 12 na zaidi, lakini karatasi ambayo picha huchapwa juu yake huweza kuonyesha kama hatua sita au saba tu. Kwa hiyo tatizo halikufutwa na kamera mpya. Limepunguzwa, na sehemu yake imehamishiwa kwenye kazi ya kompyuta.

Tatizo lenyewe ni la zamani kama sanaa hii. Katika karne ya 19 sahani za kioo zilizotumika badala ya filamu ziliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, na kwa sababu hiyo anga lilitoka jeupe karibu kila mara. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alipiga negativu mbili, moja kwa ajili ya bahari na nyingine kwa ajili ya mawingu, kisha akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho wakati wa kuchapa. Njia nyingine ilikuwa kuweka mbele ya lenzi kioo kilichotiwa giza upande mmoja. Mwaka 1978 Mfaransa mwingine, Jean Coquin, alianza kuuza chini ya jina la Cokin vichujio vya pembe nne vinavyoteremshwa katika fremu mbele ya lenzi. Faida ya fremu hiyo ilikuwa kubwa: mpiga picha aliweza kupandisha na kushusha mstari wa giza mpaka ukae pale anapotaka, badala ya kulazimika kuweka upeo wa macho katikati ya picha, kama vichujio vya duara vilivyomlazimisha.

Maana ya namba

Juu ya kichujio huandikwa namba kama 0.3, 0.6, 0.9 au 1.2. Mnunuzi asiyejua hudhani kuwa 0.6 huzuia asilimia 60 ya mwanga. Sivyo. Namba hiyo ni logi, kwa kizio cha kumi, ya idadi ya mara ambazo mwanga umepunguzwa. Kwa kuwa logi ya 2 ni karibu 0.3, kila 0.3 ni hatua moja:

0.3 hupitisha nusu ya mwanga, yaani hatua moja;
0.6 hupitisha robo ya mwanga, yaani hatua mbili;
0.9 hupitisha sehemu moja katika nane, yaani hatua tatu;
1.2 hupitisha sehemu moja katika kumi na sita, yaani hatua nne.

Uzuri wa hesabu ya logi ni kwamba vichujio viwili vikiwekwa pamoja, namba zake hujumlishwa tu. Kichujio cha 0.3 na cha 0.6 vikiambatana hufanya kazi ya 0.9. Kwa hiyo mwenye vichujio viwili vya nguvu tofauti ana nguvu tatu mkononi. Viwanda vingine huandika 2, 4 na 8 badala ya 0.3, 0.6 na 0.9, namba hizo ni idadi ya mara zenyewe. Mnunuzi na aulize ni mtindo upi uliotumika kabla ya kulipa.

Mpito: mkali, laini na wa kinyume

Jambo la pili la kuchagua ni namna giza linavyokutana na wangavu. Katika kichujio cha mpito mkali, kijivu hukoma ghafla katikati ya kioo. Katika kile cha mpito laini, kijivu hufifia polepole mpaka kikaisha. Katika kile cha mpito wa kinyume, giza kubwa kabisa liko katikati, kwenye mstari wa upeo wa macho, kisha hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Aina hii ya tatu ilibuniwa kwa ajili ya machweo na macheo, wakati ambapo sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote si utosi wa anga bali ni ukanda ulio karibu na jua.

Mandhari yenyewe ndiyo inayoamua. Mtu aliye katika nyanda za chini za Rukwa, upande wa Kamsamba wilayani Momba, huona tambarare ambayo upeo wake wa macho ni kama umepigwa rula. Hapo mpito mkali hufaa, maana mstari wa kichujio hujificha ndani ya mstari wa maumbile. Lakini mtu huyo huyo akipanda Ileje, au akisimama kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, ulio kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hukuta vilele vinapanda na kushuka, na miti ya kivuli imesimama katika mashamba ya kahawa. Akitumia mpito mkali, vilele vyote vilivyo juu ya mstari vitakuwa vyeusi, na mtazamaji ataona mara moja kuwa kuna mkono wa mtu. Hapo mpito laini ndio wenye adabu.

Ziwa Rukwa hutoa somo la hila zaidi. Anayelitazama ziwa kutoka upande wa mashariki, wilayani Songwe, huona ng'ambo magenge ya Ufipa yakisimama kama ukuta mrefu. Kwa macho huonekana mstari mnyoofu, na mpiga picha huvutika kuteremsha mpito mkali mpaka ukingo wa maji. Lakini magenge hayo huelekea mashariki. Jioni, jua likiwa nyuma yake, uso wake umo kivulini. Giza la kichujio likiongezwa juu ya kivuli hicho, ukuta mzima huwa utepe mweusi usio na bonde wala msitu ndani yake. Mahali sahihi pa mstari si ukingo wa maji bali ni kilele cha magenge. Tena asubuhi, kuanzia kama saa moja, hali hubadilika kabisa: jua liko mgongoni mwa mpiga picha, magenge yameangazwa uso mzima, na tofauti kati ya anga na ardhi hupungua mpaka kichujio kisihitajiwe. Wakati mwingine basi, saa ya mkononi ni chombo bora kuliko kichujio.

Kadhalika yafaa kukumbuka mwendo wa jua katika nchi zilizo karibu na ikweta. Tunduma iko kwenye latitudo ya nyuzi 9 na kidogo kusini. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu sawa na utosi, na mwezi wa Juni huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi kama 57. Anayepiga picha kuelekea kusini, ng'ambo ya bonde la Mto Songwe, hupata mwanga mzuri zaidi wa kumulika milima katika mwezi wa Juni. Isitoshe, katika sehemu hizi jua huzama karibu wima. Kutoka kimo cha nyuzi sita hadi upeo wa macho hutumia dakika 25 hivi tu. Mtu anayeanza kufungua mkoba na kutafuta fremu wakati huo, jua halitamsubiri.

Namna ya kupima

Nguvu ya kichujio haichaguliwi kwa kukisia. Kamera nyingi zina mita ya mwanga inayoweza kupima sehemu ndogo tu ya picha. Kamera ikiwekwa katika hali ya kuongozwa kwa mkono, hupimwa kwanza ardhi, mahali penye wangavu wa kadiri, mathalani majani yaliyokauka au udongo uliopigwa na jua. Kisha hupimwa anga, mbali na jua lenyewe. Tofauti ya vipimo viwili huhesabiwa kwa hatua.

Tuseme tundu la lenzi liko kwenye f/11. Ardhi inataka sehemu 1 katika 30 ya sekunde, na anga linataka 1 katika 250. Kutoka 30 hadi 60 ni hatua moja, hadi 125 ni mbili, hadi 250 ni tatu. Je, kichujio cha hatua tatu, yaani 0.9, ndicho kinachotakiwa? La. Kikitumika hicho, anga na ardhi vitakuwa na wangavu sawa, na jicho la binadamu halijapata kuona hivyo, kwani anga ndilo linaloiangazia ardhi. Kanuni nzuri ni kuacha anga lizidi kwa hatua moja. Kwa hiyo hapa hutosha 0.6. Picha hupigwa kwa kipimo cha ardhi, yaani 1 katika 30 ya sekunde, kipimo kilichochukuliwa kabla ya kichujio kuwekwa. Kamera na iwe juu ya stendi ya miguu mitatu, maana kwa mwendo huo mkono hautulii.

Tofauti ikiwa hatua tano, kama inavyotokea jua likikaribia kuzama, 0.9 hubakiza mbili, na machweo huweza kustahimili hivyo bila kuonekana ya bandia.

Lenzi nayo ina neno lake

Wanunuzi wengi hushangaa kuona kichujio kile kile kikifanya kazi tofauti kwenye lenzi mbili. Sababu ni kwamba kichujio kiko karibu sana na lenzi, mbali na mahali lenzi inapolenga, na kwa hiyo mstari wake hauonekani kwa ukali. Lenzi ya uga mpana, kama ya milimita 24, hutazama kupitia eneo kubwa la kichujio, na mpito wote huonekana ndani ya picha. Lenzi ndefu, kama ya milimita 135, hutazama kupitia sehemu ndogo tu, na hata mpito mkali hutawanyika ukawa laini, wakati mpito laini huweza kutoweka kabisa, picha nzima ikawa ya kijivu kidogo. Ndiyo sababu mwenye lenzi ndefu huhitaji mpito mkali hata milimani.

Tundu la lenzi pia huathiri. Likifunguliwa sana, mstari hufifia. Likibanwa hadi f/16, mstari hukaza na kudhihirika. Kwa hiyo anayepanga kichujio huku tundu likiwa wazi, kisha akapiga picha kwa f/16, huenda akakuta mstari ambao hakuuona. Kamera nyingi zina kitufe cha kubana tundu kabla ya kupiga. Kitumike, na kichujio kisogezwe juu na chini polepole. Mstari huonekana upesi zaidi ukiwa unatembea kuliko ukiwa umesimama.

Maji hayawezi kulizidi anga

Penye maji matulivu kuna kosa ambalo humfichua mpiga picha asiye makini. Maji hayarudishi mwanga wote yanaoupokea. Mwanga ukija karibu wima, maji hurudisha asilimia 2 tu. Ukija kwa pembe ya nyuzi 10 tu juu ya uso wa maji, hurudisha zaidi kidogo ya theluthi moja. Kwa hiyo taswira ya wingu ndani ya ziwa daima ni hafifu kuliko wingu lenyewe, na aghalabu kwa hatua moja na nusu au zaidi. Mtu akitia giza la hatua tatu juu ya anga na kuyaacha maji wazi, wingu lililo majini litang'aa kuliko wingu la juu, jambo lisilowezekana katika maumbile. Penye taswira majini, 0.3 au 0.6 hutosha.

Vilevile kichujio hakifai mahali ambapo kitu muhimu kinakata upeo wa macho: mti mkubwa, mtu aliyesimama karibu, au mlingoti. Mfano mzuri ni kitu cheusi kama Kimondo cha Mbozi kilichoko Ndolezi, kipande cha chuma kutoka angani chenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kitu cha namna hiyo, chenye weusi wake wa asili, kikipigwa picha anga likiwa nyuma yake, kichujio kitakifanya kichwa chake kitoweke gizani. Dawa yake ni kubadili pembe, au kurudisha mwanga juu yake kwa kutumia kitambaa cheupe.

Wala kichujio hakiondoi ukungu wa vumbi na moshi. Kati ya Julai na Oktoba, majani yanapochomwa na barabara zikiwa kavu, anga la sehemu hizi huwa jeupe karibu na upeo wa macho. Kichujio kikiwekwa, weupe huo haugeuki buluu. Hugeuka rangi ya majivu. Ni afadhali kusubiri mvua za kwanza za Novemba, ambazo huosha hewa na kuleta mawingu yenye umbo.

Kukijaribu dukani

Kichujio chema hupunguza rangi zote kwa kiasi kimoja. Vingi vya bei nafuu hupitisha wekundu zaidi kuliko rangi nyingine, na mawingu hutoka na rangi ya waridi au zambarau. Jaribio lake ni rahisi. Kiwekwe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kisha sehemu yenye giza ilinganishwe na kivuli cha mkono juu ya karatasi hiyo hiyo. Kikiwa na wekundu au ukijani, jicho litauona. Mwenye kamera na aipime karatasi hiyo kwanza bila kichujio, kisha kupitia upande wa giza. Tofauti ikiwa si hatua mbili kwa kichujio kilichoandikwa 0.6, basi namba na kioo havisemi lugha moja.

Kuhusu mata, kuna plastiki ngumu ya aina ile inayotengenezewa miwani, na kuna kioo. Plastiki ni nyepesi na haivunjiki kwa urahisi, lakini hukwaruzika upesi. Kioo hustahimili kufutwa, lakini kikianguka juu ya jiwe habari yake imekwisha. Katika mji wa Tunduma, ambako malori ya kwenda Zambia hutimua vumbi mchana kutwa, na katika njia za vijijini wakati wa kiangazi, vumbi ndilo adui mkubwa. Lipulizwe kwanza, ndipo kichujio kifutwe kwa pamba safi. Anayefuta bila kupuliza husaga mchanga juu ya kichujio chake. Na kwa kuwa Tunduma ni mji wa mpaka, unaopitiwa pia na reli ya TAZARA, ni busara kuomba ruhusa kabla ya kusimamisha kamera karibu na kituo cha forodha, daraja au reli.

Kuhusu ukubwa, vichujio vya pembe nne hupatikana katika upana wa milimita 67, 85, 100 na 150. Upana wa 85 hutosheleza lenzi nyingi ndogo. Kwa lenzi za uga mpana upana wa 100 ni salama zaidi, maana fremu ndogo huonekana kwenye pembe za picha. Fremu moja huweza kutumika kwenye lenzi zote kwa kubadili pete ya kuunganishia. Anunuaye na apime lenzi yake iliyo kubwa kuliko zote, si ile aliyo nayo mkononi siku hiyo.

Kompyuta, na ukweli wa picha

Leo mwenye kamera ya dijitali anaweza kupiga picha mbili kutoka mahali pamoja, moja kwa kipimo cha anga na nyingine kwa kipimo cha ardhi, kisha akaziunganisha katika kompyuta. Simu nyingi hufanya hivyo zenyewe. Kwa kanuni, ni kazi ile ile ya Le Gray. Kwa mandhari tulivu yenye vilele vingi, njia hii huweza kushinda kichujio, maana mstari wa muungano hufuata umbo la mlima. Lakini penye mawimbi, majani yanayopeperushwa, ndege au watu wanaopita, picha mbili hazifanani, na kiungo huleta vivuli visivyo vya kweli. Hapo kichujio, ambacho humaliza kazi kwa mpigo mmoja, bado kina nafasi yake.

Kwa picha za kumbukumbu za kisayansi kuna sharti moja la ziada. Kichujio hubadili uwiano wa mwanga, na anayelinganisha picha mbili bila kujua hilo huenda akadhani mawingu yalikuwa mazito au msitu wa kileleni ulikuwa mweusi zaidi. Kwa hiyo pamoja na tarehe, saa, mahali na lenzi, na iandikwe nguvu ya kichujio na aina ya mpito. Ni bora zaidi kupiga picha ya pili bila kichujio na kuziweka pamoja.

Anayeanza hana haja ya sanduku zima. Kwa vilima vya Mbozi na Ileje, kichujio kimoja cha 0.6 chenye mpito laini kitamtumikia katika sehemu kubwa ya safari zake. Akishuka mara kwa mara kwenye nyanda za Rukwa, au akitumia lenzi ndefu, na aongeze cha 0.9 chenye mpito mkali. Kile cha mpito wa kinyume na kingoje mpaka mwenyewe ameona, kwa kupima, kuwa machweo anayoyapenda yanakidai. Na kabla ya kununua chochote, yafaa apande kilimani na mita ya mwanga peke yake, apime anga na ardhi asubuhi, adhuhuri na jioni, na kuandika tofauti katika daftari. Daftari hilo litamwambia ni kichujio kipi cha kununua, na kwa saa zipi hahitaji kichujio chochote.